Gesi ya gari la kambi: mtungi wa kubadilisha, mtungi wa kujaza au tangi la chini?

Fundi amelala chali chini ya gari. Anaitoa tochi mdomoni, anauliza: "Bosi, gesi tukufungie ipi?" Na wewe siku zote ulidhani gesi ni gesi.

Kwa mwenye gari la kambi, yaani gari au trela yenye kitanda, jiko na friji ndani, njia za kubeba propani, yaani gesi ya jiko, friji na hita, ni tatu. Ya kwanza ni mtungi wa kubadilisha: ukiisha, unarudisha mtupu na kuchukua uliojaa. Ya pili ni mtungi wa kujaza: unakaa kwenye kasha lake bila kutolewa, una vali inayokata yenyewe gesi ikifika asilimia 80, na hujazwa kwenye pampu ya gesi ya magari kupitia tundu la ubavuni. Ya tatu ni tangi la kudumu lililofungwa chini ya sakafu, kati ya magurudumu, nalo hujazwa kwa pampu vilevile.

Wengi huanza kwa kuuliza ipi inabeba kilo nyingi. Mimi naanzia kwingine: siku gesi itakapokuishia, utakuwa wapi, na utalazimika kugusa nini ili upate nyingine? Hapo ndipo njia hizi zinapoachana. Mengine yanafanana kuliko wauzaji wanavyosema.

Nitazipima kwa mambo matano: kujaza, baridi, kujua kilichobaki, hatari, na mwisho uzito pamoja na kazi ya fundi.

Kwanza, gesi yenyewe

Ndani ya chombo, propani ni majimaji yaliyobanwa, na juu yake kuna mvuke. Kinachofika jikoni ni huo mvuke. Lita moja ya majimaji ikitoka nje hugeuka takriban lita 270 za gesi, na hewa yenye propani kiasi cha asilimia 2 tu inaweza kushika moto. Piga hesabu: lita moja iliyovuja inatosha kuharibu hewa ya mita 13 za ujazo, na gari dogo la kambi halifiki huko. Lita moja ni nusu kilo tu.

Tena propani ni nzito mara moja na nusu kuliko hewa. Haipandi kwenda dirishani. Inashuka, inajilaza sakafuni, inaingia chini ya kitanda na kwenye droo. Kufungua dirisha la juu hakuitoi. Hilo likikaa kichwani, masharti mengi ya gesi yanaeleweka bila kukaririwa.

Kujaza

Mtungi wa kubadilisha hauhitaji pampu wala gari. Unaubeba mkononi, unarudi nao, kitanda chako na turubai lako vimebaki pale pale kambini. Kasoro yake ya kwanza ni mipaka. Mitungi ni mali ya kampuni, na vichwa vya vali hutofautiana nchi kwa nchi. Ukivuka mpaka na mtungi mtupu, huenda hakuna anayeupokea, na mtungi utakaopewa huenda usikubali regyuleta yako, kile kifaa kinachoshusha presha ya gesi kabla haijafika jikoni. Kasoro ya pili ni mabaki. Ukiubadilisha kabla haujaisha, gesi iliyobaki umeigawa bure. Ukisubiri uishe, utaisha usiku, chai ikiwa jikoni. Kwa sababu hiyo watumiaji wazoefu hubeba mitungi miwili midogo badala ya mmoja mkubwa, wakaiunga kwa regyuleta inayohama yenyewe kwenda mtungi wa pili wa kwanza ukiisha.

Mtungi wa kujaza unaondoa tatizo la mabaki. Unapita kituoni, unaongeza kilo tatu, unaendelea na safari. Lakini sasa umefungwa na pampu. Ulaya peke yake ina aina nne za vichwa vya kujazia, kwa hiyo msafiri hutembea na adapta kwenye kimfuko. Vituo vingine hukataa kabisa kujaza chochote kinachofanana na mtungi, hata kikiwa na vali halali, kwa sababu mhudumu hana muda wa kuchungulia kasha lako na kutofautisha cha halali na cha kubahatisha. Usimlaumu, sababu yake utaiona chini.

Tangi linajazwa kwa adapta zilezile, ila malumbano na mhudumu ni machache. Shida yake ni kwamba halitoki. Likiisha, gari zima liondoke: turubai likunjwe, viti virudi ndani, watoto waamshwe. Na trela isiyo na injini yake ndiyo yenye taabu zaidi, maana lazima ifungwe nyuma ya gari ili tu ikanywe gesi. Kwa sababu hii, Marekani trela nyingi za kambi hubeba mitungi miwili mbele kwenye ulimi, yaani ule mkono wa kuungia trela na gari, ilhali magari ya kambi yenye injini hubeba tangi la kudumu.

Baridi

Propani huchemka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri. Butani, gesi nyingine inayouzwa kwenye mitungi, huchemka karibu na sifuri. Maana yake ni kwamba asubuhi ya barafu, butani hukaa ndani ya chombo kama maji, haitoi mvuke, na jiko halipati kitu.

Kwenye mtungi wa kubadilisha unachagua: maandishi ya mtungi yanasema ni propani au butani, au mchanganyiko. Anayesafiri kwenye joto tu hana haja ya kuhangaika. Anayekwenda kwenye baridi achukue propani.

Mtungi wa kujaza na tangi zote mbili hunywa kile kilichoko pampuni, na gesi ya magari mara nyingi ni mchanganyiko unaobadilika kwa nchi na kwa majira. Hapa kuna mtego ambao sikuufahamu mpaka uliponinasa. Niliamka asubuhi moja kabla ya mapambazuko, pumzi inaonekana, hita imezima na inakataa kuwaka. Geji ilionyesha robo ya tangi. Nikakagua fyuzi, nikakagua betri, nikaigonga regyuleta kwa mpini wa kisu kana kwamba imelala. Jua lilipopanda na kulipiga lile tangi, hita ikawaka yenyewe kimya kimya. Kumbe kwenye mchanganyiko, propani hutangulia kugeuka mvuke, na kadiri unavyotumia ndivyo butani inavyobaki nyingi zaidi chini. Ile robo ilikuwa karibu butani tupu, niliyoijaza nikiwa nchi ya joto. Tangu hapo, nikielekea kwenye baridi naacha tangi lishuke sana kabla ya kujaza, kisha najaza kule kule kwenye baridi, ambako pampu nazo hubadilishiwa gesi.

Jambo jingine ni kasi. Majimaji yakigeuka mvuke hujipoza. Mtungi mdogo ukilazimishwa kulisha hita kubwa kwa saa nyingi hutoa utandu wa barafu kwa nje na presha ikashuka. Tangi pana lenye majimaji mengi huvumilia zaidi. Mitungi miwili ikifanya kazi pamoja nayo husaidia.

Kujua kilichobaki

Hapa tangi lina nafuu: lina boya lake ndani na geji kwenye dashibodi. Si sahihi kama geji ya mafuta, lakini inatosha. Mtungi wa kujaza nao mara nyingi una geji kwenye vali.

Mtungi wa kubadilisha kwa kawaida hauna. Usidanganywe na kipimo cha presha kinachouzwa kama geji ya gesi. Maadamu kuna majimaji ndani, presha hutegemea joto, si kiasi: kwenye nyuzi 20 itasoma bari 7 na ushei mtungi ukiwa umejaa, na itasoma hivyo hivyo ukibakia na kilo moja. Dawa ni mizani ya kupimia mizigo. Uzito wa mtungi mtupu umegongwa kwenye kola yake. Toa huo, kinachobaki ni gesi. Kama huna mizani, mwagia maji ya moto ubavuni mwa mtungi kutoka juu hadi chini, kisha pitisha kiganja taratibu. Juu patakuwa na joto, halafu ghafla pabaridi. Mstari huo ndio kimo cha majimaji.

Makadirio ya matumizi: friji la gesi hutumia gramu 250 hadi 400 kwa siku. Kupika kwa watu wawili ni gramu 100 hadi 200. Hita ya kilowati nne mpaka sita ndiyo mlaji hasa: wakati wa baridi kali kilo tatu kwa siku si ajabu. Kwa hiyo mtungi wa kilo 11 unaokupa wiki tatu wakati wa joto, unaweza kukupa siku tatu wakati wa barafu.

Hatari zake

Kila njia ina mlango wake wa hatari, na haiko mahali pamoja.

Kwa mtungi wa kubadilisha, mlango ni mkono wako. Kila ukibadilisha umefungua kiungo na kukifunga upya, pengine gizani, pengine mvua inanyesha. Pete ya kuzibia imechakaa, nati imeingia kombo, mtu kasahau kukaza. Dawa yake ni dakika mbili za maji ya sabuni. Fungua vali, paka povu kwenye nati, kisha tazama bila haraka, maana uvujaji mdogo hautoi povu la kuruka. Unatoa kiputo kimoja kama punje ya mtama, kinakua polepole, kinapasuka, kinazaliwa kingine palepale. Hicho nacho ni uvujaji. Kuangalia kwa kiberiti ni ujinga wa mwisho. Faida ya mfumo huu ni kwamba ukaguzi wa mtungi si kazi yako: kila unapobadilisha, umepewa uliopita mikononi mwa mjazaji.

Kwa mtungi wa kujaza, kiungo hakiguswi miezi mingi, na hilo ni jema. Hatari iko kwenye kuiga. Wako wanaochukua mtungi wa kawaida wa kubadilisha, wakaufunga adapta ya kujazia, wakaupeleka pampuni. Mtungi huo mara nyingi hauna vali ya kukata kwenye asilimia 80. Propani ya majimaji ikipata joto kutoka nyuzi 15 hadi 45 hujitanua kwa karibu asilimia 10. Ikiwa juu kuna nafasi, hakuna neno. Ikiwa mtungi umejaa mpaka kooni, majimaji hayana pa kwenda na presha hupaa kwa kila digrii inayoongezeka. Vali ya usalama ikifunguka, na huo ndio wema wa mwisho uliobaki, inamwaga gesi ndani ya kasha la gari lako lililoegeshwa juani. Ndiyo sababu mhudumu yule alikukatalia. Mtungi halali wa kujaza umetengenezwa kwa kazi hiyo tangu kiwandani, umefungwa usitikisike, na una tundu la kujazia nje.

Tangi lina vali ileile ya asilimia 80, na likivuja linavuja nje, chini, mbali na chumba. Kwa upande huo, ndilo linalonipa usingizi. Adui wake ni barabara: mawe, matope, chumvi ya barabarani, na tuta refu ulilolipuuza. Kutu inaanza kwenye mikanda na mabano, mahali ambapo hupaoni mpaka ulale chini kama yule fundi.

Mitungi yote inayokaa ndani ya gari, ya kubadilisha na ya kujaza, inahitaji kasha lililozibwa kabisa kuelekea chumbani na lenye tundu la chini linalotoka nje. Kanuni ya Ulaya inataka tundu hilo lifike asilimia 2 ya eneo la sakafu ya kasha, na lisipungue sentimita mraba 100. Nimeona kasha safi, limepakwa rangi, tundu limefunikwa kwa zulia ili vyombo visigongane. Mitungi isimame wima pia. Mtungi ukilala, majimaji yanaingia kwenye regyuleta iliyotengenezewa mvuke.

Uzito, nafasi na kazi ya fundi

Mtungi wa chuma wa kilo 11 ukiwa mtupu nao una uzito unaokaribia au kuzidi gesi yake. Wa plastiki na nyuzi ni mwepesi zaidi. Mitungi inakula nafasi ya ndani. Tangi haligusi chumba: la lita 60 hubeba lita 48, sawa na kilo 24 hivi, lakini linapunguza kimo cha gari kutoka ardhini. Kufunga mtungi wa kubadilisha ni kazi fupi. Mtungi wa kujaza unadai bomba la kujazia na tundu ubavuni. Tangi linadai fundi mwenye cheti, karatasi zake, na kawaida ukaguzi wa kila baada ya muda fulani. Ukiuza gari, mtungi utauhamisha kwenda gari jingine. Tangi umemwachia mnunuzi.

Baada ya regyuleta, zote ni moja

Regyuleta ilingane na kibandiko cha vifaa: magari ya Ulaya hutumia presha ya milibari 30, ya zamani mengine 50, ya Marekani inchi 11 za maji, ambazo ni kama milibari 27. Mpira wa kupitishia gesi una tarehe yake. Ukianza kuwa na nyufa ukiukunja, umekwisha hata kama tarehe haijafika.

Ving'ora vinakaa kwa kufuata tabia ya hewa. Cha propani kiwe karibu na sakafu. Cha kaboni monoksaidi, gesi ya sumu inayotoka kwenye moto usioungua vizuri, kiwe mahali unapopumulia, kwa sababu hiyo inachanganyika na hewa na haina harufu. Propani hutiwa dawa inayonuka kama kabichi iliyooza, lakini pua huzoea, na pua iliyolala haisikii. Ukisikia harufu: funga vali, toka nje wote, usiguse swichi yoyote, wala ya kuzima wala ya kuwasha.

Jiko si hita. Kilo moja ya propani ikiungua hutoa zaidi ya kilo moja na nusu ya maji, na hayo yote yanaishia kwenye kuta na godoro lako. Kabla hujafikiria ukungu, mwali wa njano unakuambia kuna kaboni monoksaidi inatengenezwa.

Halafu lile friji. Mwali wake uko nyuma ya wavu wa nje, hauonekani wala hausikiki, kwa hiyo husahaulika. Ukiingia kituo cha mafuta bila kulizima, umeingia na moto unaowaka ubavuni mwa gari. Ukiwa barabarani vali kuu iwe imefungwa, isipokuwa kama una kifaa kinachokata gesi gari likigongwa. Mahandaki na vivuko vingine vina masharti yao. Soma bango kabla ya kuingia foleni.

Wapo wanaouliza kwa nini wasiachane na gesi kabisa. Inawezekana, na kwa anayelala kambi zenye umeme kila usiku ni busara. Ila kumbuka kilo moja ya propani ina kama kilowati-saa 13, na betri ya volti 12 yenye ampea-saa 100 ina moja na robo hivi. Hita ya dizeli hupunguza pengo hilo. Jiko la umeme hulirudisha.

Kwa hali yako

Unasafiri wikendi chache kwa mwaka, ndani ya nchi moja, na gesi yako ni ya chai na friji: mtungi wa kubadilisha, mmoja na wa akiba. Kufunga tangi kwa matumizi hayo ni kubeba chuma bure.

Una trela, unaegesha wiki nzima mahali pamoja: mitungi miwili yenye regyuleta ya kuhama, iwe Ulaya au Marekani.

Unavuka mipaka mara kwa mara: mtungi wa kujaza au tangi, na kimfuko cha adapta. Kati ya hayo mawili, kama gari lako lina kasha zuri la gesi tayari, chukua mtungi wa kujaza. Kama kasha hilo unalitaka kwa vyombo, shusha gesi chini ya sakafu.

Unaishi ndani ya gari mwaka mzima, hita inafanya kazi miezi kadhaa: tangi, na ukiweza mtungi mdogo wa propani halisi pembeni kwa ile asubuhi ambayo butani imekataa kuamka.

Unapita njia mbovu, mawe na mito: mitungi ndani ya kasha, hata kama unavuka mipaka. Tangi la chini kwenye njia hizo linahitaji bamba la kinga, na bamba hilo linazidi kupunguza kimo.

Umenunua gari lililotumika na hujui lilifungwa na nani: kabla ya kuchagua chochote, fungua kasha. Ukikuta mtungi wa kampuni umeunganishwa na adapta ya kujazia, funga vali, uutoe, urudishe kwa mwenyewe. Kisha chungulia chini, kidole chako kitafute lile tundu la kutolea gesi nje.